Nyumba ya Urithi Ikiuzwa, Shangazi Aende Wapi?

Ukipita katika mitaa ya miji yetu utaona nyumba zilizoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni anaweza kudhani kuwa maandishi hayo ni ya kuwafukuza matapeli tu. Matapeli wapo, ni kweli. Lakini mara nyingi maandishi hayo yamewekwa na ndugu mmoja dhidi ya ndugu yake wa tumbo moja. Baba amefariki, huyu kaleta mnunuzi, yule kaleta kopo la rangi. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo yumo mtu anayesikia mabishano yote, wala hakuna aliyemwuliza neno.

Mpendwa msomaji, nataka tuzungumze juu ya mtu huyo. Kwetu sisi ni shangazi. Kwenu huenda ni mama mdogo, au dada aliyerudi baada ya ndoa kuvunjika, au binti aliyebaki kumtunza bibi mpaka na yeye akaota mvi. Nyumba nyingi za urithi zina mwanamke wa namna hiyo, na jina lake halimo katika karatasi yoyote.

Nyumba yetu iko Kilwa Kivinje, mkoani Lindi, karibu kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Baba alikuwa mtumishi wa afya, mzaliwa wa Masasi. Alipelekwa kufanya kazi Kivinje miaka ya 1970, akaupenda mji ule, akanunua nyumba ya zamani kutoka kwa familia iliyokuwa ikihamia Dar es Salaam. Sisi watoto wanne tulikulia humo. Mwaka 1989 shangazi, mdogo wake baba, alifiwa na mumewe. Hakuwa na mtoto. Baba alimfuata Masasi akaja naye Kivinje, akampa chumba cha nyuma kinachotazama uani. Hajahama tangu siku hiyo.

Kivinje ni mji uliowahi kuwa mkubwa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara iliishia pale, na majahazi yakapakia. Wajerumani walijenga boma lao ufukweni. Wakati wa vita vya Majimaji, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907, wazalendo walinyongwa katika mji huo huo. Baadaye makao ya wilaya yalihamia Kilwa Masoko, ofisi zikafuata, wafanya biashara wakafuata ofisi. Watalii nao huelekea Masoko ili wavuke kwenda Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Ni wachache wanaokata kona kuingia Kivinje.

Safari nayo ilikuwa mtihani. Tulipokuwa wadogo, kwenda Dar es Salaam kulimaanisha kusubiri kivuko pale Ndundu ili kuvuka mto Rufiji, na masika yakija basi huweza kulala njiani. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikaja polepole baada ya hapo. Lakini kufikia wakati huo vijana wengi wa rika letu walikwisha ondoka. Kaka yetu mkubwa yuko Dar es Salaam, wadogo zangu wawili wako Mtwara na Dodoma, nami ni muuguzi mjini Lindi.

Baba alifariki mwaka 2017. Mama alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, nikamchukua nikae naye ili awe karibu na vipimo na dawa. Shangazi akabaki peke yake na nyumba, na nyumba ikabaki na shangazi.

Naomba nieleze kidogo juu ya nyumba yenyewe, maana thamani yake ndiyo iliyoleta maneno. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake unakaribia dhiraa. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari na paa viliegemea boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba upana unaozidi mita 2.5 hadi 3. Mbele kuna baraza ambapo mpita njia yeyote hukaribishwa kupumzika. Mlango ni wa mbao ya zamani yenye nakshi, umechakaa lakini bado unafunga.

Mwaka 2022 tulikubaliana kuikarabati ili iuzwe. Hatukufanya hivyo kwa uchoyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyetarajia kurudi kuishi Kivinje, paa lilikuwa linavuja, na matibabu ya mama yalihitaji fedha kila mwezi. Kaka alikopa milioni 6 katika SACCOS ya kazini kwake, nasi wengine tukachanga tulichoweza.

Kazi ilipoanza, kaka alitaka kuta zipigwe plasta ya saruji, kwa kuwa saruji hukauka upesi na huonekana nadhifu. Shangazi ndiye aliyekataa. Alitushika mkono, akatupeleka kwenye ukuta wa stoo ambao baba aliupiga saruji miaka ya 1990. Plasta ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua, na nyuma yake jiwe lilikuwa bichi, limejaa unga wa chumvi. Fundi mzee wa pale mjini akamwunga mkono. Alitueleza kwamba ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi ya bahari, na chokaa huuacha unyevu huo utoke nje. Saruji huufungia ndani, na chumvi ikigeuka chembe ngumu hulila jiwe taratibu. Mimi nilimwelewa mara moja. Hata kidonda, ukikifunika kabla hakijasafishwa, juu kitapendeza na chini kitaoza.

Kwa hiyo tulitumia chokaa, na kazi ikachukua miezi kumi badala ya minne. Muda huo wote sisi tulikuwa watu wa kutuma fedha kwa simu. Aliyeamka alfajiri kuhakikisha chokaa imeloweshwa vizuri ni shangazi. Aliyehesabu boriti 38 zilizoletwa kwa kibali cha misitu, na kuzihesabu tena jioni zisipungue, ni shangazi. Aliyewapikia mafundi wali na samaki, akanyunyizia kuta maji zisikauke kwa kupasuka, ni yeye yule, naye jicho lake moja lina mtoto wa jicho.

Nyumba ilipomalizika ilikuwa nyeupe kama yai. Hapo ndipo dalali alipoanza kupiga simu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 alikuja mnunuzi wa kwanza kutoka Dar es Salaam. Alizunguka, akagonga kuta, akatoa bei nzuri kuliko tuliyoitegemea. Alikuwa na sharti moja tu: nyumba iwe tupu ndani ya siku 30. Kaka aliniambia kwenye simu, "Shangazi nitamchukua mimi. Nina chumba." Naye alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Nilisafiri kwenda Kivinje kumweleza shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichagua mchele. Kisha akasema, "Mwanangu, kule nitakuwa mgeni mpaka siku ya kufa. Hapa najua nani atanizika."

Maneno yale hayakuwa ya deko. Majirani zake karibu wote ni Waislamu, naye ni Mkristo. Mwezi wa Ramadhani humletea futari, na Krismasi sahani zao hurudi zimejaa. Akiugua, mtoto wa jirani ndiye anayenipigia simu. Ndani ya nyumba anatembea usiku bila taa, kwa sababu mkono wake unaujua kila ukuta na mguu wake unakijua kila kizingiti.

Katika kazi yangu nimewapokea wazee wengi waliohamishwa ghafla. Mzee aliyekuwa akijiendesha vizuri kwake anafika mahali pageni, anasahau choo kiko upande gani, anaanguka usiku, nyonga inavunjika. Wengine huacha kula. Wengine huchanganyikiwa, ndugu wakadhani ni uzee umewapanda kichwani, kumbe ni kupotezewa mahali walipopazoea. Pia kikundi chetu cha akina mama kanisani hutembelea wazee majumbani siku za Jumamosi, na nimeona mara nyingi mama aliyechukuliwa kwa upendo akiishia kukaa siku nzima katika chumba cha ghorofani, mlango umefungwa, watoto wako kazini. Hakuna aliyemtendea ubaya. Lakini hana wa kumwambia habari ya asubuhi.

Tukiwa bado tunajadiliana, mwezi Mei mwaka 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu katika wilaya ya Kilwa, na mikoa ya kusini ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mnunuzi alirudi nyuma kidogo. Sisi tukapata muda wa kukutana, na mwezi Agosti tulikaa kikao cha ukoo Masasi.

Kikao kile kilinifundisha jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila mmoja alikuja na sheria yake.

Kaka alikuja na sheria ya mahakama. Kwa Wakristo ambao maisha yao hayakufuata mila, mahakama zetu zimekuwa zikitumia sheria ya urithi iliyotungwa India mwaka 1865 na kuletwa huku na Waingereza. Kwa sheria hiyo mjane hupata theluthi moja, na watoto hugawana theluthi mbili kwa usawa, wa kike kwa wa kiume. Ni sheria inayotutendea haki mama na sisi mabinti. Lakini palipo na watoto, dada wa marehemu hapati hata kijiko.

Mjomba mkubwa alikuja na mila. Sisi Wamakua tunahesabu ukoo upande wa mama. Katika mila hiyo ya zamani, mali ya mwanamume huangaliwa na dada zake na watoto wa dada zake, kwa maana hao ndio damu moja ya ukoo. Kwa njia hiyo shangazi alikuwa na sauti kubwa. Lakini mama yetu, aliyeishi na baba miaka zaidi ya 40, angeonekana kuwa mtu wa ukoo mwingine aliyemaliza muda wake.

Nilikaa nikiwatazama wale wanawake wawili, mama na shangazi, wamekaa mkeka mmoja. Wamepika jiko moja tangu mwaka 1989. Na kila sheria, ikishikwa peke yake, ilimwacha mmoja wao nje ya mlango.

Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikasema kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango wa kuhesabiwa katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu mke na mume, na shangazi hawezi kulipeleka mahakamani kudai nyumba ya kaka yake. Lakini kama majaji waliweza kuona kwamba kupika, kufua na kulea kunajenga nyumba, sisi tuliokula chakula chake tutashindwaje kuliona? Bei ile nzuri aliyoitaja mnunuzi, sehemu yake ilitoka mkopo wa kaka, na sehemu yake ilitoka mikono ya shangazi.

Mama, ambaye tangu alipougua huongea kidogo, akasema, "Mimi theluthi yangu sitaipokea mpaka huyu awe na paa." Kikao kikanyamaza.

Tuliandika katika muhtasari wa kikao, na wote tukatia sahihi, mambo haya. Kabla ya mgawanyo wowote, fedha ya nyumba itatoa kiwanja na nyumba ya vyumba viwili pale pale Kivinje, mtaa ule ule kama ikipatikana, kwa jina la shangazi mwenyewe. Deni la SACCOS lirudishwe kwa kaka. Kinachobaki kigawanywe kwa mama na watoto. Na mnunuzi alipe kwa awamu mbili: ya kwanza ijenge kwa shangazi, na ufunguo wa nyumba kubwa ukabidhiwe siku shangazi atakapohamia kwake.

Mnunuzi wa kwanza hakuyataka masharti hayo, akaondoka. Akaja mgeni kutoka Ulaya aliyetaka kufanya nyumba ya wageni. Yeye tulimweleza ukweli kwamba sheria ya ardhi haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi nchini isipokuwa kwa uwekezaji na kwa kupitia mamlaka ya uwekezaji, na kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Akashukuru, akaenda zake. Mwaka 2025 alikuja mwalimu mstaafu na mkewe, wenyeji wa wilaya hiyo hiyo. Bei yao ilipungua kwa milioni 9 kuliko ya yule wa kwanza, lakini walikubali awamu mbili. Mke wa mwalimu alikaa uani na shangazi mchana mzima akiulizia chokaa inaloweshwaje. Tulimwonyesha na ukuta wa stoo pia, ule uliobanduka, maana wahenga wamesema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Kaka hakufurahi. Milioni 9 ni fedha nyingi kwa mtu mwenye watoto shuleni, na sitaki kujifanya kuwa tunaongea kama zamani. Msingi wa nyumba ya shangazi umekwisha pandishwa, na bado kuna kazi ya paa.

Akina mama wenzangu, yawezekana nanyi mnayo nyumba ya urithi katika mji wa mbali, na mnapanga kuikarabati na kuiuza. Naomba niwaachie mashauri machache.

Kwanza, kama mume na mke wote mko hai, fahamuni kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama kuna bibi au shangazi anayewategemea, andikeni mapema atakaa wapi. Wosia ulioandikwa vizuri huokoa vikao vingi.

Pili, mwenye nyumba akifariki, msiuze kabla mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi. Na msimamizi si mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa na kutoa hesabu. Akiuza kwa siri, mnaweza kumshitaki, na mnunuzi naye ataingia matatani.

Tatu, kama nyumba ni ya zamani sana, ulizeni kwanza kwenye ofisi ya Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Na kama ni ya matumbawe, tafuteni fundi anayejua chokaa hata kama atachelewa. Mwambieni mnunuzi kilichokarabatiwa na kile ambacho bado.

Nne, mtu asiyekuwa na jina katika karatasi apewe jina katika karatasi. Ahadi ya mdomo, "shangazi tutamwangalia," ni njema, lakini aliyeitoa anaweza kuhama, kuugua au kufa. Kiwanja kidogo chenye jina lake hakisahau.

Na mwisho, mwulizeni mwenyewe. Msimwulize mbele ya dalali, wala siku ya kufunga mizigo. Kaeni naye asubuhi moja, mchague mchele pamoja, mumwulize anataka kuzeekea wapi na nani anataka awe jirani yake. Mkishapata jibu, ndipo mtaje bei.